Kufundisha Habari za Oksijeni na Uhai wa Seli: Fundisho Kutoka Darasa Moja la Tingi, Kilwa

1. Chanzo cha makala haya

Katika mazoezi ya kufundisha tuliyoyasimamia huko Tingi, wilayani Kilwa, tuliketi nyuma ya Darasa la Sita tukimsikiliza mwanachuo wetu akifundisha somo la hewa. Andalio lake la somo lilikuwa safi, vifaa vilikuwa mezani, na wanafunzi walikuwa watulivu. Aliwasha mshumaa, akaufunika kwa bilauri ya kioo, nao ukazimika. Kisha akaandika ubaoni kwa hati nzuri: "Oksijeni imekwisha. Bila oksijeni hakuna uhai." Wanafunzi wakanakili.

Msichana mmoja akanyosha mkono, akauliza mchu unaosimama katika tope jeusi la pwani hupumua nini. Mwenzake akaongeza kwamba tembo huendelea kuchacha hata likiwa limezibwa. Mwanachuo akawajibu kuwa hayo watayasoma sekondari, akaendelea na somo. Baada ya kipindi, mvulana mmoja alimfuata nje, akamwambia kwa sauti ndogo: "Mwalimu, hospitali walisema mie nina selimundu, damu ikikosa hewa ndipo naumwa. Basi siku ikikosa, ndio nafa?"

Mwanachuo hakuwa na jibu. Wala sisi hatuna haki ya kumlaumu, kwa sababu sentensi zile mbili alizoziandika ubaoni alizipata kwetu chuoni. Tumekuwa tukizifundisha kwa miaka kadhaa kwa kuwa ni fupi na zinashikika upesi. Lakini ya kwanza si ya kweli, na ya pili ni ya kweli kwa sehemu tu. Na mtoto aliyeziamini aliondoka darasani akiwa na hofu ambayo hakuja nayo.

Makala haya yanakusudia mambo mawili. Kwanza, kueleza kwa ufupi yale ambayo sayansi imekwisha kuyathibitisha kuhusu seli zinazoishi katika oksijeni kidogo, hasa seli shina za uboho wa mifupa. Pili, kupendekeza namna ya kulifundisha somo hili katika shule za msingi za mwambao kwa vifaa vilivyopo.

2. Mshumaa unafundisha nini hasa

Hewa tunayovuta ina oksijeni kiasi cha asilimia 21. Mshumaa uliofunikwa huzimika kabla oksijeni haijakwisha. Kwa kawaida hubaki kiasi cha asilimia 15 au 16 ndani ya chombo. Mwali hauwezi kuendelea katika kiasi hicho, lakini viumbe wengi waweza. Kwa hiyo sahihi ni kusema "oksijeni imepungua," wala si "imekwisha."

Vivyo hivyo yatupasa kuangalia jaribio la kusimamisha mshumaa katika sahani ya maji. Maji yanapopanda ndani ya bilauri, walimu wengi husema kuwa yamejaza nafasi ya oksijeni iliyotumika. Kwa kweli sehemu kubwa ya kupanda huko hutokana na hewa iliyokuwa ya moto kupoa na kusinyaa. Jaribio hilo halipimi oksijeni, na si vema kulitumia kama kipimo.

Tofauti ya "kupungua" na "kwisha" yaweza kuonekana ndogo, lakini ndiyo msingi wa yote yanayofuata. Uhai hautegemei kuwapo au kutokuwapo kwa oksijeni peke yake. Hutegemea pia kiasi chake, na kila aina ya seli ina kiasi kinachoifaa.

3. Tope, mchu na hamira

Maswali ya wale wasichana wawili yalikuwa maswali mazuri ya sayansi, na majibu yake yamo katika mazingira yao wenyewe.

Tope jeusi la mikokoni lina oksijeni kidogo mno, na sentimita chache chini ya uso wake karibu haimo kabisa. Hata hivyo limejaa bakteria hai. Baadhi yao hutumia salfeti iliyomo katika maji ya bahari badala ya oksijeni, na ndio watoao ile harufu ya yai viza tunapolikanyaga tope. Kwa baadhi ya bakteria wa namna hii oksijeni ni sumu. Basi hapo kuna uhai bila oksijeni.

Mchu nao ni habari nyingine. Mizizi yake iliyozama topeni inahitaji oksijeni kama mizizi mingine, lakini tope haliwezi kuwapa. Kwa hiyo mti huu huchomoza juu ya tope vijiti vingi vilivyosimama kama penseli. Vijiti hivyo vina vitundu, na ndani vina nafasi za kupitishia hewa hadi mizizi ya chini. Mchu haukuacha kupumua, bali umejitengenezea njia ya kupata hewa.

Hamira ina njia ya tatu. Penye hewa huweza kuivunja sukari kabisa na kupata nguvu nyingi. Pasipo na hewa huivunja nusunusu tu, ikatoa alkoholi na kabonidayoksaidi. Ndiko kuchacha kwa tembo. Tena, sukari ikiwa nyingi, hamira huchachua hata kama hewa ipo. Tulikumbuke jambo hili, kwa maana tutalikuta tena katika seli za mwili wetu.

Hesabu ya nguvu ni hii. Seli hubeba nguvu yake katika kemikali iitwayo ATP. Molekuli moja ya glukosi ikivunjwa bila oksijeni huipa seli ATP 2 tu. Ikivunjwa kabisa ndani ya mitokondria kwa msaada wa oksijeni, hutoa kiasi cha 30 hadi 32. Vitabu vya zamani huandika 36 au 38, na mwalimu asishangae akikuta tofauti hiyo. Hapo mwanachuo atauliza: Kwa nini basi seli yoyote ya mwanadamu ichague njia yenye faida ndogo hivi?

4. Seli shina na makao yake

Seli shina ni seli ambayo bado haijachukua kazi maalum. Ina uwezo wa aina mbili: kujigawa ikatoa seli shina nyingine kama yenyewe, na kutoa seli zitakazogeuka kuwa za kazi fulani. Seli shina za damu hukaa ndani ya uboho wa mifupa. Kutokana nazo hupatikana seli nyekundu, seli nyeupe na vigandishi vya damu. Kila sekunde mwili wa mtu mzima hutengeneza seli nyekundu zipatazo milioni mbili, na asili yake yote ni seli shina hizo chache zilizofichika mifupani.

Mtu angedhani kwamba seli zenye kazi kubwa namna hiyo zimewekwa mahali penye oksijeni nyingi kupita pengine. Sivyo. Mwaka 2014 watafiti walitangaza vipimo vya oksijeni vilivyochukuliwa ndani ya uboho wa panya walio hai. Uboho ulikuwa na mishipa mingi ya damu, lakini oksijeni yake ilikuwa chini ya kiasi cha asilimia 4 au zaidi kidogo, na katika sehemu za ndani zaidi ilishuka hadi asilimia 1.3 hivi. Kumbe kile tukiitacho "ukosefu wa hewa" ndiyo hali ya kawaida ya makao ya seli hizi.

Seli shina ya damu iliyotulia haina haja ya nguvu nyingi. Kazi yake kubwa ni kujihifadhi kwa miaka mingi bila kuharibika. Mitokondria inapotumia oksijeni hutoa pia mabaki makali yanayoweza kuchoma protini na hata kuharibu chembe za urithi. Kwa seli ya msuli, itumiayo nguvu nyingi, hiyo ni gharama isiyoepukika. Kwa seli shina, ambayo kosa lake moja litarithiwa na maelfu ya seli zitakazotoka kwake, gharama hiyo ni kubwa mno. Ndiyo sababu hupendelea njia ya ATP 2: huvunja glukosi nusunusu, na kuacha mitokondria yake ikifanya kazi kidogo. Wakati wa kugeuka kuwa seli ya kazi unapowadia, mitokondria huamshwa na oksijeni hutumika kwa wingi zaidi.

Tusiseme, hata hivyo, kwamba mahali peke yake ndipo panapoamua. Mwaka 2013 ilionekana kwamba seli shina za damu zina alama za kuishi katika oksijeni kidogo hata zile zilizo karibu na mishipa ya damu. Kwa hiyo desturi hiyo kwa kiasi fulani ni ya seli yenyewe, kama ilivyo desturi ya hamira kuchachua penye sukari nyingi hata hewa ikiwapo.

5. Seli hujuaje kwamba oksijeni imepungua

Swali hili lilijibiwa na wataalamu watatu, William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza, ambao mwaka 2019 walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba. Maelezo yao twaweza kuyafikisha kwa wanachuo kwa mfano wa ofisi.

Chukulia kwamba katika ofisi moja karani huandika barua ileile mchana kutwa: "Oksijeni ni haba, jiandaeni." Pembeni yake yupo karani wa pili, ambaye kazi yake ni kuipiga kila barua mhuri wa kuitupa. Lakini mhuri wake hauna wino mwingine ila oksijeni. Oksijeni ikiwa tele, kila barua hupigwa mhuri na kuchanwa kabla haijafika popote. Oksijeni ikipungua, mhuri haupati wino; barua hupita salama, zikamfikia mkuu wa ofisi.

Barua hiyo ni protini iitwayo HIF. Karani wa pili ni kimeng'enya kinachotumia oksijeni kuitia HIF alama ya kuharibiwa. Mkuu wa ofisi ni kiini cha seli. HIF ikifika huko, huwasha chembe za urithi nyingi: za kuingiza glukosi zaidi, za kuivunja bila oksijeni, na za kufunga mlango ambao mabaki ya glukosi hupitia kuingia mitokondria. Katika figo, habari ya namna hii huleta homoni inayouamrisha uboho kutengeneza seli nyekundu zaidi. Kwa hiyo upungufu wa oksijeni unapotokea, mwili hauketi ukingoja kufa. Hupata habari, ukabadili mwendo.

6. Maabara yalijifunza jambo hilihili

Kwa miaka mingi wataalamu waliotaka kukuza seli za binadamu nje ya mwili waliziweka katika kabati la joto lenye hewa ya kawaida iliyoongezwa kabonidayoksaidi kidogo. Oksijeni ndani yake ilikuwa karibu asilimia 20, kwa kuwa walidhani, kama mwanachuo wetu, kuwa nyingi ni bora. Mwaka 1977 Lester Packer na Kenneth Fuehr walionyesha kwamba seli za binadamu zilizokuzwa katika oksijeni ya asilimia 10 ziliendelea kujigawa kwa muda mrefu kuliko zile zilizokuzwa katika hewa ya kawaida.

Mwaka mmoja kabla yake lilitokea jambo linalotuhusu sana sisi watu wa pwani. Mwaka 1976 William Trager na James Jensen, huko New York, walifaulu kwa mara ya kwanza kukuza mfululizo katika maabara vijidudu vya malaria kali. Moja ya siri zao ilikuwa kupunguza oksijeni, na chombo chao kilikuwa rahisi ajabu: chupa kubwa yenye kifuniko, na ndani yake mshumaa. Waliuwasha mshumaa, wakafunika, ukazimika. Oksijeni ikawa imepungua na kabonidayoksaidi imeongezeka, na vijidudu vikastawi. Jaribio lile la Darasa la Sita ndilo lililofungua njia ya kupimia dawa za malaria katika maabara ya nchi nyingi. Laiti mshumaa ungalikuwa umemaliza oksijeni yote na uhai wote, Trager na Jensen wasingalipata kitu.

Kwa seli shina za damu, fundisho lilikuja baadaye. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walieleza kwamba seli shina zikitolewa ubohoni na kukutana na hewa ya kawaida, hata kwa dakika chache, nyingi hupata mshtuko na kupoteza hali yake ya ushina. Walipozichukua na kuzishughulikia katika oksijeni ya asilimia 3, zilizobaki salama zilikuwa mara kadhaa zaidi. Hewa ileile inayotuhuisha sisi huzidhuru seli hizi zinapotolewa ghafla makaoni mwake.

7. Selimundu: pale ambapo oksijeni kidogo hudhuru

Mwalimu asije akavuka mpaka na kufundisha kinyume chake, kwamba oksijeni kidogo ni nzuri daima. Ubongo na moyo huharibika upesi vikiikosa. Tena iko hali ambayo upungufu usiomdhuru mtu mwingine humdhuru mtoto mwenye selimundu.

Mtoto huyu amerithi kutoka kwa wazazi wote wawili himoglobini ya namna tofauti. Inapoachia oksijeni, himoglobini hiyo hushikamana na kuwa nyuzi ngumu, na seli nyekundu hupinda mfano wa mundu. Seli zilizopinda huziba vijishipa, zikaleta maumivu makali. Seli nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi, lakini yake huishi kiasi cha siku 10 hadi 20 tu. Kwa hiyo seli shina zake hufanya kazi bila kupumzika ili kufidia.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu. Hukadiriwa kuwa kiasi cha watoto 11,000 kwa mwaka. Utafiti wa miaka mingi unaofanywa Muhimbili ulianza mwaka 2004. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza uboho watoto wenye ugonjwa huu, yaani kuwapa seli shina za ndugu mwenye afya ili zitengeneze damu isiyopinda. Kwa walio wengi zaidi, dawa, maji ya kutosha, kinga ya malaria na kuhudhuria kliniki ndiyo nguzo za maisha.

Mwalimu ana sehemu yake. Amruhusu mtoto huyu kunywa maji na kwenda msalani anapohitaji. Asimlazimishe kukimbia hadi achoke kabisa, wala asimweke juani au kwenye baridi kwa muda mrefu. Anaposema anaumwa, aaminiwe na wazazi waarifiwe mara moja. Wala asionyeshwe kidole mbele ya wenzake kama mfano wa somo.

8. Namna ya kufundisha

Twapendekeza vipindi vitatu vya Darasa la Sita au la Saba.

Kipindi cha kwanza: Mshumaa. Mwalimu mwenyewe awashe. Atumie chupa mbili za mdomo mpana, moja kubwa na moja ndogo, na wanafunzi wahesabu sekunde hadi kila mshumaa uzimike. Kisha aulize: "Je, oksijeni imekwisha au imepungua? Tutajuaje?" Asiharakishe kujibu. Hatimaye awasimulie habari ya chupa ya Trager na Jensen.

Kipindi cha pili: Hamira na tope. Chukua chupa mbili zenye maji ya vuguvugu na hamira. Moja itiwe sukari, nyingine isitiwe. Funga puto midomoni mwa chupa. Wanafunzi waangalie puto lipi linajaa, na waandike walichokiona kabla ya kuelezwa sababu. Wasionje. Shule iliyo karibu na pwani iwapeleke kuona mizizi ya mchu wakati wa maji kupwa. Iliyo mbali itumie mchoro, au mzizi uliookotwa.

Kipindi cha tatu: Mwili wetu. Mwalimu achore ubaoni ngazi ya oksijeni: hewa asilimia 21 juu kabisa, na uboho wa mifupa chini kabisa. Aeleze mfano wa makarani wawili. Wanafunzi watatu wauigize, mmoja akiandika, mmoja akipiga mhuri, mmoja akingoja barua. Mwalimu akisema "oksijeni haba," mwenye mhuri huacha kupiga. Mchezo huu huchukua dakika kumi, na wanafunzi huukumbuka.

Sentensi za kuandikwa ubaoni ziwe hizi: "Seli nyingi za wanyama huhitaji oksijeni. Kiasi kinachozifaa hutofautiana. Oksijeni ikipungua, seli hubadili njia ya kupata nguvu." Ni ndefu kuliko zile za kwanza, lakini hazitamlazimu mwalimu wa sekondari kuzifuta.

Maswali ya kupima: (a) Kwa nini si sahihi kusema mshumaa umemaliza oksijeni? (b) Mchu na bakteria wa topeni wanatofautianaje? (c) Kwa nini seli shina huridhika na ATP 2? Swali la tatu ni la wanachuo.

9. Hitimisho

Wiki iliyofuata tulirudi Tingi. Mwanachuo wetu alikuwa amewaomba wanafunzi wafute sentensi zile katika madaftari yao, akawaeleza wazi kuwa yeye alikosea na kwamba wakufunzi wake walikosea kabla yake. Hatukuona heshima yake ikipungua. Yule msichana wa mchu alipewa nafasi ya kueleza mbele ya darasa jinsi mizizi ile inavyosimama.

Yule mvulana aliitwa peke yake chini ya mwembe. Mwanachuo alimweleza kwamba kila siku oksijeni hupungua kidogo hapa na kuongezeka pale mwilini mwake, kama kwa watu wote, na kwamba mwili una njia za kujua na kujirekebisha. Akamweleza pia kwamba damu yake inahitaji msaada: maji, dawa zake, na kumwambia mwalimu mapema anapoanza kuumwa. Hakumwahidi kuwa hataumwa tena. Mtoto akauliza kama anaweza kuja na chupa yake ya maji darasani, akaambiwa aje nayo.

Walimu wenzetu, sentensi fupi ni chombo kizuri cha kufundishia, nasi hatuwezi kufanya kazi bila hizo. Lakini kabla ya kuipeleka ubaoni hatuna budi kuipima kwa maswali ya watoto wa mahali petu, na kumkumbuka yule atakayeinakili, akaenda nayo nyumbani, akaamini kwamba inamhusu yeye.